Kutoka Mchanga wa Lamu hadi Kasarani: Siku Nane na Ami

Siku ya kwanza, Jumamosi. Lamu

Maji mafu leo. Tangu alfajiri bahari imekaa pale pale mbele ya gati, haijai ikafurika wala haitoki ikaacha mchanga. Kwa mtu wa mashua hii ni siku kama siku nyingine. Kwangu mimi ni siku ya dhiki, maana maji yakiwa mafu ufuo wa Shela huwa mwembamba, na wasichana wangu inabidi warudi kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha mtaani, huku Langoni.

Kiwanja chenyewe ni mchanga mtupu. Mguu unazama hadi kifundo, na anayekimbia mzunguko mmoja huchoka kama aliyekimbia mitatu. Milingoti ya goli ni boriti za mikoko. Kona moja imekatwa na ukuta wa nyumba, na punda waliobeba mawe ya kujengea hupita katikati ya mchezo kwa sababu njia yao ilikuwako kabla ya kiwanja. Leo nimekipima kwa hatua: 78 kwa 41. Kanuni za mpira zinataka urefu usiopungua mita 90 na upana usiopungua mita 45.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Kwa miaka kumi na moja nimekaa barazani nikisema kama wanavyosema wengine: Lamu yataka stediamu. Mwezi uliopita msichana mmoja wa darasa la saba akaniuliza, "Mwalimu, stediamu ina nini ndani?" Nikafungua kinywa, kisha nikakifunga. Sijawahi kuingia katika hata moja. Nimeona za kwenye televisheni tu. Usiku ule nikaamua kwamba likizo ya Desemba haitapita kabla sijakanyaga Kasarani.

Ami yangu aliposikia akasema naye atakuja. Ana miaka sabini na mitatu na maisha yake yote ameshona matanga ya mashua. Sababu yake ni ya mwaka 1987. Agosti ya mwaka huo Nairobi iliandaa Michezo ya nne ya Afrika Nzima, na uwanja wa Kasarani ukajengwa kwa ajili hiyo. Harambee Stars wakafika fainali ya mpira dhidi ya Misri. Ami na wenzake walikuwa Mkunguni, mbele ya Ngome, wakiizunguka redio moja. Siku hizo shirika la utangazaji lilikuwa bado linaitwa Sauti ya Kenya. Misri ikashinda bao moja kwa bila. "Nilirudi nyumbani kwa miguu ya mtu mwingine," husema Ami mpaka leo. Miaka yote hiyo amekuwa akiuona uwanja ule kwa masikio, na sasa anataka kuuona kwa mato yake. (Mato ni macho kwa Kiamu, Ami hazungumzi kwa namna nyingine, nami sitamsahihisha humu.)

Jioni tumekaa pale pale Mkunguni, chini ya mikungu. Ngome iliyo mbele yetu ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela na ikamalizika mwaka 1821. Baadaye ikawa gereza, na gereza likaendelea hadi 1984. Ami akumbuka vizuri siku ambazo watu walipita hapa bila kuinua uso. Leo ni makumbusho, na uwanja ulio mbele yake ndio sebule ya mji: bao, dhumna, kahawa, ngoma, mikutano. Nimeukazia macho leo kuliko siku zote. Tunaposema Lamu haina uwanja tunasahau kwamba mji huu umekuwa ukicheza kwa karne nyingi. Wakati wa Maulidi, wageni wanapomiminika kuelekea Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh, hufanyika mbio za punda hapo ukingoni mwa bahari, mashindano ya kuogelea, mashua na bao, na kirumbizi cha bakora. Mtazamaji haulizi kiti. Husimama ukutani, darini, au hupanda chomboni.

Siku ya pili, Jumapili. Lamu hadi Malindi

Boti ya asubuhi hadi Mokowe, kisha basi. Limechelewa kuondoka kwa saa nzima na nusu na hakuna aliyetueleza sababu. Ami amefungasha begi dogo, mkate wa mofa, na kunjo la kamba. Nilimuuliza kamba ya nini. "Fundi hasafiri bila kamba."

Tumepita Hindi, karibu na njia iendayo bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, kisha Witu, iliyowahi kuwa usultani wenye bendera yake na himaya ya Ujerumani. Barabara ni ya lami sasa. Vizuizi vya polisi ni vingi, abiria hushuka na vitambulisho mkononi, hupanga foleni, hupanda tena. Baada ya Garsen na mto Tana ardhi hufunguka.

Nilikaa dirishani nikihesabu viwanja. Hadi Gongoni, penye mashamba ya chumvi, nimehesabu kumi na tisa. Karibu kila kijiji kina goli mbili za miti, na katikati yake ng'ombe, au mbuzi, au vijana. Kwingine goli zilikuwa zimeelekezwa mashariki na magharibi, maana yake kipa mmoja hudaka na jua la jioni usoni. Uwanja hupangwa kaskazini kwa kusini. Hilo ni jambo ambalo halihitaji fedha, ni mtu wa kulijua tu kabla mti haujasimikwa. Naliandika hapa ili nisilisahau siku ya kupanga wetu.

Siku ya tatu, Jumatatu. Malindi

Tumelala kwa jamaa wa Ami mtaa wa Shela. Malindi nayo ina Shela yake. Asubuhi tumekwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, si kwa mapenzi ya Mreno bali kwa sababu upepo pale ni mzuri. Hapo nikamweleza Ami kuhusu twiga. Mwaka 1415, miaka zaidi ya themanini kabla Mreno hajafika, mji huu ulipeleka twiga China kama zawadi kwa mfalme. Ami akafikiri. Kisha akasema kwamba vibakuli vya Kichina vimo katika kuta za Lamu na Pate tangu enzi za mababu, kwa hiyo haoni ajabu kwamba Wachina ndio waliosaidia kujenga Kasarani. "Walikuwa wanarudisha zawadi ya twiga." Sijui mwanahistoria angesemaje, lakini mimi nimependa hesabu hiyo na nimeamua kuibeba.

Alasiri tumetazama mpira. Kiwanja cha vumbi, timu mbili za mtaa, watu kama mia tatu, wauza viazi karai, wauza madafu. Kocha wa timu moja ni kijana mwenye subira ambaye alinipa karibu saa nzima baada ya mchezo. Nilimuuliza kiwanja chake hufanya kazi gani nyingine. Akahesabu kwa vidole: asubuhi ni cha shule, siku ya Idi ni cha swala, mara nyingine ni cha harusi, na kila baada ya muda ni cha mkutano wa siasa. Akanionyesha mashimo. Mahema husimikwa kwa mambo (vigingi) ya chuma, na yakishang'olewa matundu hubaki. Magari yenye vipaza sauti huingia hadi katikati na magurudumu yake huacha mifereji. Wiki mbili kabla yetu, beki wake wa kushoto alitegua mguu kwenye tundu moja hivi. "Mwalimu, mimi sikatai wengine kukitumia," aliniambia. "Nataka tu anayekitumia akifukie."

Basi hapo nikaona kwamba nilikuwa nimelichukua neno hili, uwanja wa kazi nyingi, kwa wepesi. Kila uwanja wa Pwani una kazi nyingi. Kinachotofautisha mmoja na mwingine ni nani hubaki nyuma kufukia matundu.

Siku ya nne, Jumanne. Malindi, Mombasa, Nairobi

Matatu hadi Mombasa kupitia daraja la Kilifi, treni ya saa tisa alasiri kutoka Miritini. Ami amesimama dirishani Tsavo yote. Tumeona tembo wekundu. Nairobi usiku, baridi, tumevaa kila tulichobeba.

Siku ya tano, Jumatano. Kasarani

Tumeshuka Thika Road saa tatu asubuhi. Uwanja huuoni mara moja kwa kuwa eneo lenyewe ni pana. Unaona kwanza miti na ua, kisha zege. Jina rasmi ni Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, ingawa sijamsikia hata mmoja akilitaja. Kondakta, muuza njugu, askari wa langoni, wote husema Kasarani, jina la mtaa.

Mwenyeji wetu alikuwa mmoja wa watunza nyasi, jamaa wa mwalimu mwenzangu. Alituongoza kupitia njia ya chini ya majukwaa, giza na harufu ya saruji yenye unyevu, halafu tukatokea kwenye mwanga.

Nilijua idadi ya viti: 60,000. Namba hiyo nimeisoma mara nyingi. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yote ya Lamu, kuanzia Kiunga hadi Witu, na nilipokuwa pale chini nikiinua shingo ndipo nilipofahamu kwamba watu wetu wote, wazee, watoto wachanga na wavuvi walioko baharini, wangeujaza uwanja huu mara mbili na kubakisha kidogo. Niliona haya kidogo kwa namna nilivyokuwa nikilitamka neno stediamu barazani. Nilikuwa nikiomba jahazi wakati watu wangu wanahitaji mtumbwi imara wa kuvukia.

Ami hakusema kitu. Alitembea hadi kwenye ukingo wa nyasi, akasimama, akavua kofia akaishika kifuani. Kisha akauliza, "Ni hapano walitezea?" Mtunza nyasi akamwambia ndiyo, mzee, hapa. "Na bao la Misri liliingia goli gani?" Mtunza nyasi alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Akampigia simu mzee mmoja wa ofisini, naye hakukumbuka. Ami akaenda kusimama nyuma ya goli la kwanza kwa muda, halafu akavuka uwanja mzima kwa nje, pole pole, akasimama nyuma ya goli la pili kwa muda ule ule. Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika. Sikumuuliza kitu.

Sasa nieleze kilichomo, maana ndilo swali lililonileta.

Katikati ni uwanja wa mpira, mita 105 kwa 68, nyasi za kweli. Kuuzunguka ni njia za riadha zenye sakafu ya raba, na kila njia ina upana wa mita 1.22. Kwenye nusu duara zilizo nyuma ya magoli ndiko wanakorukia juu na ndiko mikuki hutupwa kutoka upande mmoja kuelekea nyasi. Shimo la mchanga la kuruka umbali liko pembeni. Nililitazama lile shimo na kuinama kuushika mchanga wake. Ni mchanga wa kununuliwa, umeletwa kwa lori!

Uwanja mkuu si peke yake. Kuna ukumbi wa ndani wa mpira wa kikapu, voliboli, ndondi na michezo mingine ya chini ya paa. Kuna bwawa la kuogelea la mita 50. Kuna kiwanja cha mazoezi, na hoteli ndani ya ua ule ule ambamo timu hulala. Yote hayo yalifikiriwa tangu mwanzo kama mji mmoja wa michezo, na nadhani ndiyo sababu uwanja huu haukufa Michezo ya 1987 ilipokwisha. Miji mingi hujenga kwa ajili ya sherehe moja, kisha majani huota.

Kufa haukufa, ingawa kuugua uliugua. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 ikanyang'anywa kwa kuwa haikuwa tayari. Likaenda Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, fainali za wachezaji wa ligi za nyumbani, nayo ikaondolewa kwa sababu ya viwanja, ikaenda Morocco. Mara mbili! Nilikuwa msichana mdogo mara ya kwanza na mwalimu mara ya pili, na mara zote mbili nililia kwa hasira. Ndiyo maana Agosti 2025, mechi za CHAN zilipochezwa hapa pamoja na Tanzania na Uganda, na fainali ikapigwa kwenye nyasi hizi hizi kati ya Morocco na Madagascar, nilitazama kwenye televisheni ya jirani nikiwa nimekaa wima kama mtu aliye msikitini. Kombe la Mataifa la 2027 nalo ni la nchi hizi tatu. Serikali ilianza kujenga uwanja mwingine mpya, Talanta, upande wa Jamhuri, wa watu 60,000 vilevile, ila huo ni wa mpira pekee, hauna njia za riadha.

Mtunza nyasi alinionyesha kwa nini. Tulipanda safu za chini kabisa tukakaa. Kutoka kitini hadi mstari wa pembeni kuna njia zote za kukimbilia, na nyuma ya goli nusu duara yote ya riadha iko kati yako na kipa. Mpenzi wa mpira huwa mbali na mpira. Mpenzi wa riadha ndiye aliyekaa mahali pake. Uwanja wa kazi nyingi humnyima kila mmoja kidogo ili wote wapate.

Na riadha imepata mengi hapa. Julai 2017 yalifanyika mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18, na hayakuandaliwa tena popote baada ya hapo. Siku ya mwisho majukwaa yalijaa pomoni. Agosti 2021 wakaja wa chini ya miaka 20, safari hii bila watazamaji kwa sababu ya Korona. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Septemba, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, na bado akawa wa pili: Mmarekani Trayvon Bromell alimaliza kwa 9.76. Nairobi ni juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mkimbiaji wa mbio fupi husaidika kwa kuwa hewa humzuia kidogo zaidi. Kwa mbio ndefu ni kinyume, pumzi hukwisha. Sisi watu wa Pwani tulipopanda ngazi hadi juu, Ami alipumzika mara nne na mimi mara mbili.

Huko juu tulikaa muda mrefu. Nilimsimulia Ami mambo mengine ambayo majukwaa haya yameyaona. Marais wameapishwa hapa, 2013, 2017 na 2022. Papa Francis alikutana na vijana hapa Novemba 2015. Na Aprili 2014, katika msako uliofuata mashambulio ya mabomu, watu waliokamatwa kwa wingi, hasa Wasomali wa Eastleigh, walizuiliwa humu humu kwa siku nyingi, wengine na watoto wao. Ami akakaa kimya. Kisha akataja Ngome. Alikuwa anafikiri nilichokuwa nikikifikiri: kwetu gereza liligeuka mahali pa kuchezea bao, na hapa mahali pa kuchezea paligeuka, kwa wiki chache, gereza. Aliomba dua fupi kwa ajili yao, nami nikaitikia amin.

Siku ya sita, Alhamisi. Kasarani tena

Tumerudi asubuhi kwa sababu ya jambo moja tu. Jana usiku sikulala vizuri, nikifikiri kwamba nimeona kila kitu na sina cha kupeleka nyumbani. Siwezi kubeba viti 60,000. Nikamwomba mtunza nyasi anifundishe namna mzunguko wa mita 400 unavyochorwa.

Akatupeleka kwenye nusu duara ya kaskazini. Alieleza kwa fimbo mchangani. Njia ya ndani kabisa ni mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Mkimbiaji hahesabiwi juu ya ukingo bali sentimita 30 nje yake, ndipo jumla hutimia 400. Unasimika kitovu, unafunga kamba, unazunguka. Kitovu kikikosewa kwa shibiri, mbio zote ni za uongo.

Ami alikuwa amechuchumaa anasikiliza kama alivyosikiliza redio. "Mita thalathini na sita na nusu ni wari ngapi?" Nikapiga hesabu kwenye simu. Wari arubaini kasoro vidole vinne. Akanyanyuka. Alifungua begi akatoa lile kunjo la kamba, akalinyoosha kwa mikono kuanzia puani hadi ncha ya vidole, wari moja, wari mbili, kama anavyopima turubai la tanga, na alipofika arubaini akarudisha vidole vinne akafunga fundo. Mtunza nyasi akaleta chuma cha kupimia cha ofisini. Kamba ilikuwa imezidi kwa upana wa ukucha. Ami akakaza fundo.

"Na ule wa kunyooka?" Mita 84.39 ni wari tisini na mbili na shibiri, ukiongeza vidole viwili. Kamba haikutosha. Ataunga nyumbani.

Kabla ya kuondoka tumepita bwawani. Maji ya buluu, yametulia, mistari myeusi chini, watoto wa jiji wanafundishwa kupiga mbizi. Ami alishangaa maji yasiyo na mkondo. Mimi nilishangaa mambo mengine: kulikuwa na saa maalum za wanawake kujifunza, na vyumba vya kubadilishia nguo vyenye milango inayofungwa kwa komeo. Wasichana wangu wanaogelea kama chuchunge, lakini wakishavunja ungo huacha, maana hawana pa kubadilishia nguo wala pa kujisitiri. Chumba kimoja chenye mlango na komeo, bomba la maji baridi, ukuta wa kuzuia macho. Hicho kinaweza kujengwa Lamu kwa mawe yetu na boriti zetu, hata kama jukwaa halitajengwa. Nimekichora daftarini na vipimo vyake.

Basi la usiku.

Siku ya saba, Ijumaa. Njiani

Mombasa alfajiri, Malindi asubuhi, Ijumaa tumeisali Garsen basi liliposimama. Mokowe jioni, na boti ya mwisho. Mwezi ulikuwa umeshapanda, mpevu, mwekundu juu ya Manda. Nahodha akasema kesho bamvua, maji ya kujaa sana na kutoka sana.

Siku ya nane, Jumamosi. Shela

Niliwaambia wasichana wakutane nami gatini baada ya alfajiri. Walikuja ishirini na wawili badala ya kumi na wanne, kwa kuwa habari hutembea. Tulikwenda Shela kwa miguu. Ami alipanda punda wa jirani, kamba begani, imeungwa usiku kucha.

Maji yalikuwa yanatoka. Ilipofika saa tatu na nusu bahari ilikuwa imejivuta mbali sana, na mchanga uliobaki ulikuwa mgumu, umelowa, unang'aa, mguu hauzami hata kidogo. Ami alichagua mahali baada ya kutembea huku na huku, akasimika mambo wa mkoko, akaukandamiza kwa jiwe. Akanipa ncha ya kamba. Nilizunguka nusu duara nzima nikiburuta fimbo, wasichana wakinifuata wakikaza mstari kwa visigino. Tukanyoosha wari tisini na mbili na shibiri na vidole viwili upande wa bahari, tena upande wa nchi, sambamba na ufuo. Mambo wa pili, nusu duara ya pili. Mistari ilipokutana iliachana kwa kiasi cha kiganja. Ami akaitazama, akarudi kwenye mambo wa kwanza, akausogeza, na tukachora tena kona ile.

Mvuvi mmoja alisimama na tenga lake akauliza tunajenga nini. "Kasarani," akajibu msichana wa darasa la saba, yule mwenye swali. Alikuwa wa kwanza kusimama kwenye mstari. Wenzake wanne wakajipanga kando yake, buibui zimefungwa kiunoni juu ya suruali za michezo. Ami alishika simu yangu kwa mikono miwili, kidole kimoja kimesimama juu ya saa ya kupimia.

Nilipaza sauti, wakaondoka. Kwenye nusu duara ya mbali walikuwa wadogo kama vifaranga, na maji yalikuwa yameanza kurudi, wimbi la kwanza jembamba likigusa mstari wa nje.

"Moya na thalathini na moya," akasema Ami wa kwanza alipopita. Nikaandika: saa nne na dakika kumi, Shela, mita 400, dakika 1 na sekunde 31.